Betri kuukuu ni hatari kwa mtoto wako

Msomaji, huenda umesikia habari za vituo vya data. Haya ni majengo yaliyojaa kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Nairobi ina kadhaa, na mnamo Mei 2024 kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kingine huko Olkaria.

Kompyuta hizo hazitakiwi kuzima hata stima zikipotea. Kwa hivyo vituo huweka jenereta za dizeli na betri nyingi, na aina moja ya betri zinazotumika sana ina madini ya risasi. Betri hizo huzeeka, na kompyuta zenyewe pia huzeeka. Je, hutupwa wapi?

Swali hilo linakuhusu wewe unayeishi Lucky Summer, ambaye moshi wa jaa la Dandora unaujua vyema. Jaani humo watu huchoma nyaya na vyombo vya umeme ili wapate shaba. Uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2007 ulipima watoto 328 wa karibu na jaa. Takriban nusu yao walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi katika damu.

Sumu ya risasi

Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Sumu hii hudhuru ubongo wa mtoto, akawa mzito wa kujifunza shuleni. Huleta pia upungufu wa damu, maumivu ya tumbo na, kwa wajawazito, kuharibika kwa mimba. Mara nyingi dalili hazionekani mapema. Kipimo cha damu ndicho hutoa uhakika.

Funzo la Owino Uhuru

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake pia alipatikana na sumu hiyo, waliandamana, wakapimwa, kisha wakaenda kortini. Mwaka 2020 walitunukiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufani iliwanyang'anya ushindi huo, lakini Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024.

Ufanye nini?

Usivunje betri wala kuchoma nyaya nyumbani. Mwoshe mtoto mikono kabla ya kula, na upanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji. Anayefanya kazi jaani avue viatu na nguo za kazi nje. Mpe mtoto maharagwe, mboga na maziwa, kwani madini ya chuma na kalisi hupunguza risasi inayoingia mwilini.

Mradi wowote ukiletwa mtaani, hudhuria mkutano. Uliza betri zitapelekwa wapi na jenereta zitanguruma kiasi gani usiku. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi. Ni heri kuuliza leo kuliko kwenda kortini kesho mtoto akiwa tayari ameugua.