Mita ya Kwanza ya Ekzosi

Mwenye Subaru Forester ya turbo akiingia gereji mjini Mbarara, Uganda, kutaka ekzosi mpya ya kutengenezwa, mara nyingi kidole chake huelekea nyuma ya gari. Anataka mdomo mpana, muungurumo mzito, pengine saileinsa itolewe kabisa. Fundi anayeijua kazi yake humrudisha mbele, chini ya boneti, penye bomba lisilofika hata mita moja kati ya injini na turbo. Hapo ndipo nguvu hupatikana au hupotea, na hapo ndipo bomba lililoungwa vibaya hupasukia.

Turbo ni feni mbili juu ya shafti moja. Ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ya pili huisukuma hewa safi iingie kwenye silinda. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliisajili hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mbarara iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu ya lile la Mombasa au Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi. Injini ya kawaida huusikia upungufu huo kila ikipanda kilima. Yenye turbo huufidia.

Kinachoizungusha feni ya kwanza si mwendo wa moshi peke yake, bali joto na shinikizo lake. Moshi wa injini ya petroli inayokazwa huweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi, na shafti ikapita mizunguko 100,000 kwa dakika. Tundu likitokea kabla ya turbo, shinikizo huvujia nje: turbo huchelewa kuamka, dereva huzidisha mafuta, gari halivuti. Katika gari la petroli mambo huzidi kuharibika, kwa sababu hewa ya nje inayonyonywa kwenye ufa huweza kuidanganya sensa ya oksijeni, na kompyuta ya injini ikaongeza petroli isiyohitajika.

Adui mkubwa wa mita hiyo ya kwanza ni kutanuka. Bomba la nusu mita la chuma cha pua aina ya 304, likitoka baridi ya asubuhi hadi nyuzi 700, hurefuka karibu milimita 6. La chuma cha kawaida hurefuka milimita 4 hadi 5. Milimita hizo lazima zipate pa kwenda. Bomba fupi lililonyooka, limebanwa injini upande huu na turbo upande ule, halina pa kuzipeleka. Litapasuka ukingoni mwa weldi, na fundi atalaumiwa kwa weldi ambayo pengine haikuwa na kosa. Ndiyo maana manifoldi nzuri, yaani bomba hilo la kati ya injini na turbo, huwa na kona zinazoonekana kama urembo: kona ndizo zinazojikunja joto linapopanda. Turbo nayo haifai kuning'inia kwenye bomba. Hupewa brakti yake ya kuibeba, hasa kwa gari linalotetemeshwa na changarawe za Nakivale kila siku.

Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 katika wilaya ya sasa ya Isingiro, ina Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na gereji. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi. Mahali ambapo umeme wa gridi haujafika, mashine ya kuchomelea hutegemea jenereta, na mtungi wa gesi ya agoni kwa ajili ya weldi ya TIG haupatikani kila senta. Hilo halimzuii fundi kutengeneza bomba zuri. Linambadilishia njia.

Njia ya kukunja bomba, kwa mfano. Pasipo mashine, bomba hujazwa mchanga, huzibwa ncha zote mbili, hupashwa moto hadi liwe jekundu, kisha hukunjwa taratibu. Mchanga huzuia bomba lisibonyee kwa ndani na kuubana moshi. Lakini mchanga huo lazima uwe umekaushwa kabisa motoni. Unyevu uliobaki hugeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, na mvuke huo huweza kulipasua usoni mwa fundi.

Lipo jambo moja ambalo mwandishi huyu angependa lipigwe marufuku katika kila gereji: kutumia bomba za maji za GI, zilizopakwa zinki. Ni rahisi kupatikana, kona zake huuzwa tayari dukani, na bei yake inavutia. Zinki hiyo huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto la weldi, na moshi wake mweupe humwachia fundi homa, baridi na maumivu ya kifua usiku huohuo. Bomba jeusi lisilopakwa zinki, lenye unene uleule, hufanya kazi hiyo bila kumdhuru hivyo.

Flanji, yaani bamba linalofungwa kwa nati kwenye injini, hukatwa kwenye chuma cha milimita 10 au zaidi, jembamba hupinda. Hata nene hupinda likichomelewa likiwa huru, kwa hiyo hufungwa kwanza kwenye kichwa cha injini mbovu au kwenye bamba zito. Fundi hushika bomba kwa vidoti vichache, hujaribisha kwenye gari, ndipo huchomelea vipande vifupi akihama upande huu na ule. Mteja mwenye haraka huiona hatua hii kama uvivu. Kwa chuma cha pua, rodi za 308L zinatosha kuunga 304 na 304. Kuunga chuma cha pua na cha kawaida kunataka 309L. Anayetaka TIG anaweza kuvikata na kuvishika vipande Nakivale, kisha akavipeleka Mbarara au mbali zaidi vimaliziwe kwa gesi, agoni ikipitishwa na ndani ya bomba ili mgongo wa weldi usiungue ukawa chenga nyeusi.

Mbarara hupokea mbio za magari za ubingwa wa taifa, na watazamaji hupenda milio kama ya bunduki dereva anapoachia mafuta. Milio hiyo hutokana na mfumo unaochoma petroli ndani ya manifoldi ili turbo isipoe. Gari la mashindano hulipia milio hiyo kwa manifoldi na turbo zinazochakaa mapema. Mwenye gari la familia asiutamani mfumo huo.

Baada ya turbo mambo ni mepesi. Bomba pana, inchi 3 kwa injini ya lita 2, hupunguza msukumo wa kurudi nyuma, na saileinsa iliyonyooka ndani haiubani moshi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwaamsha majirani. Tahadhari ni moja: upana ukizidi, kilango kinachopunguza moshi wa turbo huenda kikashindwa, shinikizo likapanda kupita kipimo, na pistoni zikaumia. Geji ya shinikizo ifungwe kabla ya safari ya kwanza.

Wiki moja baadaye, injini ikiwa imepoa, nati zote hukazwa upya, kwa sababu gaskiti mpya hulala baada ya kupashwa moto. Kisha tochi huelekezwa kwenye kila kiungo. Mstari mweusi wa masizi pembeni mwa flanji, hata mwembamba kama uzi, unamaanisha flanji ifunguliwe na isawazishwe kwa tupa kwenye bamba lililonyooka. Kuongeza gundi ya gaskiti juu yake hakusaidii, maana gundi nyingi za dukani huungua kabla gari halijafika Isingiro.