Sukari, Neva na Presha

Mgonjwa wa presha akirudi kutoka kliniki, chumvi ndiyo inayofukuzwa kwanza mezani. Sukari inabaki palepale kando ya birika la chai, kana kwamba kesi zake ni kisukari na meno tu. Kumbe nayo ina njia yake ya kuifikia presha, na njia hiyo inapita kwenye neva.

Katika jaribio lililofanyika Fribourg, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2008, vijana wenye afya njema walikunywa, kwa siku tofauti, maji matupu, maji yenye gramu 60 za glukosi, na maji yenye gramu 60 za fruktosi. Kidoleni walivishwa kipimo kinachosoma shinikizo la damu kila moyo unapopiga. Fruktosi ilipandisha namba ya juu ya presha kwa milimita 6 hivi za zebaki. Glukosi haikuipandisha, ingawa moyo ulisukuma damu zaidi kwa sukari zote mbili. Tofauti ilikuwa kwenye mishipa: kwa glukosi ilitanuka ikaipisha damu hiyo, kwa fruktosi haikutanuka. (Sukari tunayotia kwenye chai, iwe ya Kilombero au ya Kakira, ni nusu kwa nusu ya hizo mbili.)

Mshukiwa mkuu ni insulini. Glukosi huifanya kongosho iimwage kwa wingi, fruktosi kidogo sana, na insulini hutanua mishipa ya misuli. Ila insulini hiyohiyo huamsha neva za simpathetiki, zile zinazokimbiza moyo na kubana mishipa mtu anaposhtuka. Mwaka 1977 Wamarekani James Young na Lewis Landsberg walionyesha kwamba panya wakinyimwa chakula neva hizo hupoa, na wakilishwa sukari huchangamka.

Kwa binadamu jambo hili lilisikika kwa masikio. Sindano nyembamba mno huchomwa pembeni mwa mguu, chini kidogo ya goti, hadi iguse neva, na ishara za umeme hupelekwa kwenye spika. Watafiti wa Iowa waliochapisha kazi yao mwaka 1991 waliwatilia watu wazima wenye afya insulini kwa dripu, huku wakiwaongezea glukosi ili sukari ya damu isishuke. Mipigo ya neva iliongezeka. Presha haikupanda, maana damu ya mkononi nayo ilipita kwa wingi zaidi: neva zinavuta huku, mishipa inalegea kule.

Ulinganifu huo hauko kwa kila mtu. Kwa wazee wengi neva huchelewa kuitika, hivyo mishipa ikitanuka baada ya mlo presha huporomoka. Lewis Lipsitz na wenzake waliieleza hali hiyo mwaka 1983. Siku hizi madaktari huihesabu pale namba ya juu ya presha inaposhuka kwa milimita 20 au zaidi ndani ya saa mbili baada ya kula. Mzee anayepata kizunguzungu kila akinyanyuka baada ya uji mtamu anastahili kupimwa presha saa hiyohiyo, si asubuhi tu kabla hajala.

Kwa mwenye kitambi na usugu wa insulini mambo hugeuka. Mishipa haitii tena insulini kama zamani, kongosho inazidi kuimwaga, na kwa hoja ya Landsberg neva zinaendelea kuitikia. Insulini pia huzifanya figo zishikilie sodiamu, kwa hiyo ile chumvi iliyofukuzwa mezani inazuiliwa isitoke kwa mlango wa nyuma.

Nani anazipasha neva habari za insulini? Watafiti wa Lisbon wanakitazama kiungo kidogo kama punje ya mchele, kilichopo shingoni panapogawanyika mshipa mkuu wa damu iendayo kichwani. Corneille Heymans alipata Nobeli ya mwaka 1938 kwa kuonyesha jinsi vihisio vya eneo hilo vinavyoongoza upumuaji. Wareno hao walionyesha mwaka 2013 kwamba panya waliokatwa neva ya kiungo hicho, kisha wakanyweshwa maji ya sukari, hawakupata presha kama wenzao.

Baadaye wagonjwa 15 ambao presha yao ilikuwa imeshindikana kwa dawa walitolewa kiungo hicho upande mmoja wa shingo. Kwa 8 presha ilishuka. Kwa 7 haikushuka.