Roho iliyochoshwa na mateso huhuishwaje?

Na Mwandishi Wetu

KILA ifikapo Aprili 7, Rwanda huanza siku 100 za kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Katika mikusanyiko hiyo huwapo wahudumu waliokaa tayari kumpokea na kumtoa nje mtu ambaye ghafla amepiga yowe, ameanguka, au anatetemeka akiamini kwamba wauaji wamerudi. Wanyarwanda wana neno lao kwa hali hiyo, ihahamuka, na ndani yake mna picha ya mtu aliyeishiwa pumzi kana kwamba mapafu yamemtoka kifuani.

Kwa Kiswahili tunasema kiwewe. Madaktari wanaeleza kuwa hutokea pale mtu anapokutana na jambo la kutisha lililozidi uwezo wake wa kulibeba, iwe vita, ubakaji, ajali, ujambazi au kifo cha ghafla cha mpendwa. Tukio hupita, lakini mwili huendelea kuishi kana kwamba bado lipo. Usingizi hukatika, mlango ukigongwa moyo hushtuka, mahali fulani na harufu fulani huepukwa. Baada ya miezi au miaka ya hali hiyo huja uchovu usioondoka kwa kulala, na kwa muumini uchovu huo hugusa hata sala. Maneno yale yale aliyoyasema tangu utotoni hayana ladha tena.

Makala haya yanaangalia namna imani ya Kikristo, ambayo mamilioni ya watu wa ukanda wetu huikimbilia saa ya dhiki, inavyoweza kumhuisha mtu wa namna hiyo. Tumeichagua Rwanda kwa sababu huko swali linauma kuliko kwingine: kanisa lenyewe liligeuzwa machinjio.

Huko Nyamata, Ntarama na Nyarubuye watu walikimbilia makanisani wakikumbuka kwamba katika ghasia za miaka ya nyuma waliojificha humo walinusurika. Mwaka 1994 wauaji waliingia. Huko Nyange, magharibi mwa nchi, kanisa lilibomolewa kwa matingatinga watu wakiwa ndani, na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alishitakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokuwa mjini Arusha, ambako mwaka 2008 majaji wa rufaa walimpa kifungo cha maisha. Maaskofu Katoliki wa Rwanda waliomba radhi mwezi Novemba 2016 kwa niaba ya Wakristo walioshiriki, na Machi 2017 Papa Francis, alipokutana na Rais Paul Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watumishi wake.

Kwa hiyo mhubiri aliyemwambia manusura kwamba Mungu ni kimbilio alipaswa kwanza kujibu: kimbilio lipi?

Waliofanikiwa kulijibu swali hilo, kwa kiasi ambacho linajibika, hawakuanza na mahubiri. Walianza kwa kusikiliza. Miongoni mwao alikuwamo Rhiannon Lloyd, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Wales, aliyefika Rwanda baada ya mauaji hayo na kuendesha warsha za siku chache zilizowakutanisha viongozi wa makanisa kutoka pande zote mbili, Wahutu na Watutsi. Washiriki waliandika katika karatasi jambo baya kuliko yote walilotendewa au waliloliona. Kisha walisimuliana katika vikundi vidogo, bila mtu kukatizwa wala kusahihishwa. Mwishoni kila mmoja aliichukua karatasi yake, akaipigilia kwa msumari juu ya msalaba wa mbao, na karatasi zote zikachomwa moto nje.

Msomaji anaweza kuuliza msumari na karatasi vinasaidia nini. Jibu liko katika mambo mawili. Kwanza, kiwewe hustawi penye ukimya. Mtu anapopata maneno ya kulieleza tukio, linaanza kuwa jambo la jana na kuacha kuwa jambo la sasa. Hilo hata wasio na dini wanalikubali. La pili ni la Wakristo peke yao. Wanamwamini Mungu aliyesulubiwa, yaani aliyepigwa, akavuliwa nguo na kuachwa na rafiki zake mbele ya watu. Mbele ya Mungu wa namna hiyo manusura haoni haya kuleta aibu yake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo ilipo nguvu ya zoezi lile.

Mafunzo yanayokaribiana na hayo yaliandaliwa pia na Margaret Hill na wenzake, nao wakatoa kitabu kilichochapishwa Nairobi mwaka 2004 na shirika la Paulines. Tangu hapo kimetafsiriwa katika lugha nyingi za Afrika na kwingineko. Msikilizaji hufundishwa kuuliza maswali matatu tu, ambayo ni kilichotokea, namna mhusika alivyojisikia, na sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote. Baada ya hapo anyamaze. Yeyote aliyewahi kukaa msibani na kusikia wafiwa wakiambiwa kwamba Mungu ana makusudi yake atatambua kuwa huo unyamavu ndio mgumu.

Biblia yenyewe haina haraka hiyo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya, akitoka kuwashinda manabii wa Baali, anamkimbia Malkia Yezebeli, anaketi chini ya mretemu jangwani na kuomba afe. Mungu hamkemei. Anamwacha alale. Malaika anamwamsha ale mkate na kunywa maji, kisha analala tena, na kuamshwa ale mara ya pili. Ndipo anapopata nguvu ya kutembea siku 40 hadi Horebu, na huko, baada ya upepo, tetemeko na moto, husikika sauti ndogo ya utulivu. Hata hapo Eliya anarudia malalamiko yake yale yale neno kwa neno. Jibu analopewa ni kazi ya kufanya, msaidizi aitwaye Elisha, na habari kwamba hayuko peke yake, kwani wako wengine 7,000.

Usingizi, chakula, muda, kisha neno, halafu watu. Makanisa mengi ya mijini huanza na neno na kuyaruka mengine, tena kwa kipaza sauti.

Ziko pia Zaburi. Takriban theluthi moja ya Zaburi 150 ni za maombolezo, na ile ya 88 inaishia gizani bila shukrani yoyote. Hizi huimbwa kwa nadra siku ya Jumapili. Mtu aliyechoka anapogundua kwamba kulalamika mbele za Mungu ni sala halali, mara nyingi ndipo anapoanza kusali upya.

Kuhusu msamaha, ambao ndio watu huudai upesi, ushuhuda wa Immaculée Ilibagiza unafaa kusomwa kwa makini. Alijificha siku 91 pamoja na wanawake wengine saba katika bafu dogo la nyumba ya mchungaji, na karibu familia yake yote iliuawa. Katika kitabu chake cha mwaka 2006 anasimulia kwamba kila alipofika katika sehemu ya Baba Yetu inayohusu kusamehe alikwama, kwa kuwa hakutaka kusema uongo. Alifika huko kwa safari ndefu ya ndani, na baadaye alikwenda gerezani kuonana na mmoja wa waliohusika. Hakuna aliyempangia tarehe.

Wala msamaha haukufuta sheria. Mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi Juni 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni mbili. Manusura aliyesamehe aliweza pia kutoa ushahidi.

Jambo hili si geni katika ukanda wetu. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church, aliyekuwa hoi kwa kazi na njaa kubwa iliyoikumba Rwanda, alipanda hadi Namirembe, Kampala, na kukutana na Simeoni Nsibambi. Wawili hao walikaa wakisoma Biblia na kuomba. Alirudi Gahini akiwa mtu mwingine, na katika miaka ya 1930 uamsho ulienea kutoka huko hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Neno walokole, ambalo leo wengine hulitumia kwa utani, lilitokana na balokole, jina la Kiganda la watu wa uamsho huo. Ni ukweli mchungu kwamba nchi iliyouzaa ndiyo iliyoshuhudia yale ya mwaka 1994.

Mmoja wa watoto wa uamsho huo, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyewahi kufundisha shule mjini Dodoma, alitoroka kwa miguu na mkewe kuvuka milima hadi Rwanda baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 16, 1977. Alikiri kwamba uhamishoni chuki dhidi ya Idi Amin ilikuwa ikimkausha rohoni hata akashindwa kuhubiri kwa moyo. Mwaka huo huo alitoa kitabu chenye jina lililowashangaza wengi, akitangaza kwamba anampenda Amin. Hakuacha kuukemea utawala wake.

Lipo onyo moja ambalo halina budi kutolewa. Mtu asiyelala kwa wiki nyingi, anayesikia sauti, au anayefikiria kujiua anahitaji hospitali, na mchungaji anayemzuia asitumie dawa anahatarisha maisha. Nao wachungaji, masista na washauri wanaosikiliza masimulizi haya kila siku huchoka vilevile. Mafunzo yaliyochapishwa Nairobi yana somo zima juu yao. Katika Injili ya Marko, sura ya sita, wanafunzi walikuwa na watu wengi kiasi cha kukosa hata nafasi ya kula, na Yesu akawachukua kwa mashua kwenda mahali pasipo na watu ili wapumzike. Umati uliwatangulia kwa miguu.