Mbele ya kutafuta chuma mahali pa kubomoa, omba ruhusa

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani pamoja na jamaa,

Unajua vizuri: nyumba ya zamani ikianza kubomolewa, watu hawakosi pale. Mmoja anaokota misumari, mwingine anavuta waya wa shaba, watoto wanakusanya vipande vya bati. Wengine wana hata mashini ndogo yenye mkono mrefu na sahani ya duara chini, ile inayolia inapopita juu ya chuma kilichofichwa ndani ya udongo. Inaitwa detekta.

Kutafuta chuma cha zamani si aibu wala si kosa. Kosa ni kuingia mahali pa kujenga au pa kubomoa bila ruhusa. Wengi wanafikiri ruhusa ni heshima kwa mkubwa tu, au ni kinga ya kutofukuzwa na zamu. Sivyo. Ruhusa ni chombo cha usalama, sawa na kofia ngumu na viatu vya kazi. Leo tutakueleza sababu yake, na namna ya kuiomba.

Mfano kutoka kazini

Fikiri juu ya kazi yetu. Baruti ikiisha kulia ndani ya mine, je, unakimbia mbele kuokota mawe? Hapana. Unangoja mkubwa apite kwanza, atazame mawe ya juu, atafute baruti isiyolipuka, kisha aseme: ingieni. Yeye anajua matundu mangapi yalijazwa na mangapi yamelia. Wewe hujui. Unamngoja kwa sababu neno lake linakuokoa.

Mahali pa kubomoa ni vile vile. Kuna mtu anayejua ukuta gani umekwisha kukatwa chini, waya gani bado una moto, shimo la choo liko upande gani. Mtu huyo ndiye anayetoa ruhusa. Kumwomba ruhusa ni kuomba akufungulie macho.

Detekta inajua nini?

Mashini hii inatuma nguvu ya sumaku ndani ya udongo. Ikikuta chuma, chuma kile kinajibu, na mashini inalia. Basi, ni hayo tu. Haikwambii kama waya una umeme au umekufa. Haikwambii kama bomba lina maji au gazi. Haitofautishi kopo tupu na kopo lenye sumu. Sarafu moja inaonekana kwa kawaida mpaka kina cha sentimeta 20 au 30 hivi. Chini ya hapo mashini nyingi ni vipofu. Na katika udongo wetu mwekundu wenye chuma kingi, au mahali palipomwagwa takataka za tanuru, inalia ovyo.

Kwa hiyo usiseme: «Nina mashini, mimi naona.» Mashini inakuonyesha mahali pa kuchimba, haikuonyeshi hatari.

Mambo yaliyotokea Goiânia

Sikiliza habari ya mji wa Goiânia, katika inchi ya Brazil. Hospitali moja ndogo ya kutibu kansa ilihama, ikaacha nyuma mashini yake ya miale. Nyumba ile ikabomolewa nusu, ikabaki wazi. Mwezi wa Septemba 1987, watu wawili waliingia bila ruhusa ya mtu kutafuta chuma cha kuuza. Waliona kitu kizito cha chuma na risasi, wakafurahi, wakakipeleka nyumbani kwa kigari cha mkono. Wakaanza kukifungua.

Ndani yake mlikuwa na dawa iitwayo sesiumu, yenye miale mikali. Uzito wake haukufika gramu 100. Kitu kile kiliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma. Usiku aliona kinatoa mwanga wa buluu, akakistaajabia, akawagawia ndugu na rafiki vipande vidogo. Watu walijipaka mwilini. Mtoto mmoja wa kike wa miaka 6 alikula chakula kwa mikono yenye unga ule.

Watu walipoanza kutapika na kuungua ngozi, hakuna aliyejua sababu. Bibi wa yule mnunuzi ndiye aliyeona kwamba wote waliougua walikaribia kitu kile. Akakipeleka katika mfuko, ndani ya basi, mpaka kwa wakubwa wa afya. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa. 249 walikutwa na uchafu ule. Wanne walikufa, naye yule mtoto na yule bibi walikuwa kati yao. Nyumba kadhaa zilibomolewa, na udongo wake ukachukuliwa mbali.

Ndugu, wale wawili hawakuwa watu wabaya. Walitafuta franka za kulisha jamaa. Lakini wangalimwuliza mwenye kujua: «Ile mashini ni ya nini?», wangaliambiwa: «Usiiguse.»

Hata sisi, katika viwanda vya mine, tuna vipimo vyenye sesiumu vinavyofungwa juu ya mabomba ili kupima uzito wa matope. Vina alama ya hatari, duara dogo jeusi na mabawa matatu juu ya rangi ya manjano. Ukiona alama hiyo juu ya chuma chochote cha zamani, usikifungue, usikibebe. Rudi nyuma, uwazuie wengine, umwite mkubwa wa usalama.

Hatari nyingine za pale

Umeme. Nyumba inaweza kuwa haina taa, lakini waya wa chini ya udongo unaolisha nyumba ya jirani bado una moto. Mwenye jembe hapati mara ya pili ya kujifunza.

Kuta. Ukuta uliopoteza dari na ndugu zake wa pembeni unasimama kwa bahati. Kuchimba chini yake ni kuusukuma.

Mashimo. Tangi la choo au la mafuta lililofunikwa udongo linaweza kuvunjika chini ya miguu yako. Ndani yake mna hewa mbaya inayoua. Mwenzako akianguka humo, usimfuate. Piga kelele, itafutwe kamba na watu wenye vyombo.

Baruti. Detoneta ni kibomba kidogo cha shaba au cha aliminiumu. Detekta inakililia vizuri, nacho chapendeza macho ya mtoto. Kinatosha kukata vidole na kupofusha. Usikipige, usikikwangue, usikitie mfukoni.

Vumbi na mafuta. Mabati ya zamani ya eterniti yana amianti. Vumbi lake likiingia mapafuni, ugonjwa unaweza kuonekana kisha miaka 20, 30 au 40. Mafuta ya transfo ya zamani yanaweza kuwa na sumu. Si ya kukaangia, si ya kupaka ngozi, hata kidogo.

Ruhusa inaombwa kwa nani?

Kwanza, kwa mwenye kiwanja. Kama ni cha kampuni, nenda kwenye ofisi inayotunza majengo. Kama ni cha mtu, nenda kwake mwenyewe.

Pili, kwa mwenye kazi, yaani yule aliyepewa kazi ya kubomoa au kujenga. Wengi wanasahau huyu. Tangu siku aliyochukua funguo, yeye ndiye anayejibu juu ya ajali. Tena mara nyingi mapatano yao yanasema kwamba chuma kinachotoka ni chake. Mwenye kiwanja akikubali na mwenye kazi akikataa, huwezi kuingia.

Tatu, mjulishe zamu, umwonyeshe karatasi. Lakini usigeuze mambo: zamu hatoi ruhusa. Yule anayekufungulia mlango usiku kwa sigara mbili hajui waya uko wapi, na kesho atasema hakukuona.

Na jambo hili lieleweke: ruhusa ya kutafuta chuma si ruhusa ya kuchimba mawe ya shaba au ya kobalti. Kwa sheria ya mine ya 2002, iliyogeuzwa 2018, mali ya chini ya udongo ni ya Serikali. Mchimbaji wa mkono anahitaji karta yake na mahali palipowekwa na Serikali.

Namna ya kuandika

Usiende kwa mdomo tu. Andika barua fupi yenye maneno haya:

1. Jina lako, kazi yako na mahali unapokaa.
2. Mahali unapotaka kutafuta: upande gani, kutoka wapi mpaka wapi.
3. Siku na saa. Omba saa ambazo mashini kubwa zimesimama, lakini mtu wa pale yupo. Siku ya Mungu wakati hakuna mtu si saa nzuri: ukianguka, nani atakuona?
4. Chombo chako, na kina utakachochimba.
5. Jina la mwenzako mtu mzima atakayekuwa pamoja nawe. Si mtoto.
6. Mapatano juu ya vitu vitakavyopatikana: vya nani, au vitagawanywa namna gani.
7. Ahadi ya kujaza kila tundu, na ya kutoka mara moja ukiambiwa.

Omba mtu atie sahihi na tarehe. Weka karatasi moja, umwachie nyingine. Ukitoka na chuma, omba pia karatasi ya kutoka. Mfanyakazi anayekutwa njiani na shaba bila karatasi, atamweleza nani kwamba hakuiba?

Wakati mzuri wa kuomba ni kisha nyumba kuangushwa na takataka kuondolewa, mbele ya msingi mpya kuwekwa. Udongo uko wazi, kuta hazipo tena.

Ukipewa ruhusa, usianze mara moja. Omba mkubwa wa pale azunguke nawe, akuonyeshe kwa kidole: waya, bomba, shimo, mwisho wa kwenda. Piga vijiti mipakani. Vaa kofia ngumu, viatu vya kazi na glavu. Usizibe masikio yote mawili kwa vyombo vya kusikilizia detekta; acha moja lisikie gari linalorudi nyuma. Ukimaliza, nawa mikono mbele ya kula, na nguo zile zisifuliwe pamoja na za watoto.

Wakikukatalia

Sema asante, usigombane. Kisha uliza neno lingine: «Udongo mnaoutoa hapa mnaumwaga wapi?» Mara nyingi mwenye kazi anayekataa kiwanja chake atakubali utafute katika chungu ya udongo iliyopelekwa mbali, hapo pasipo kuta wala waya. Omba ruhusa ya huko pia. Unaweza kujitolea vile vile kuokota misumari njiani inapopita magari yake. Atakayepona magurudumu yake atakukumbuka.

Ukipata kitu cha kale

Inchi yetu ni ya shaba tangu zamani. Katika makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, wataalamu waliochimba 1957 na 1958 walikuta misalaba midogo ya shaba ya wazee wetu. Ukikuta msalaba kama huo, au mifupa, simama hapo hapo. Usisafishe, usiuze. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inaomba vitu vya kale vitangazwe upesi kwa wakubwa wa Serikali wa pale. Kitu kilichong'olewa mahali pake bila kuandikwa hakiwezi tena kusimulia habari zake.

Neno kwa akina mama

Mama, kama bwana au mtoto analeta nyumbani chuma usichokijua, uliza: kimetoka wapi, nani alikubali? Asipojibu, kisilale ndani ya nyumba, wala kisifunguliwe kwa nyundo nyuma ya jiko. Kule Goiânia mama mmoja aliuliza, lakini aliuliza kisha siku nyingi. Wewe uliza siku ile ile.

Ndugu, kilo moja ya shaba ina bei. Mkono, jicho na mapafu havina bei sokoni. Barua inaomba karatasi moja na siku mbili za kungoja. Mwenye kubisha hodi hukaribishwa, tena huonyeshwa mahali pa kukanyaga.