Jina la Marehemu ni la Nani?

Hekalu la kwanza la Wamormoni nchini Kenya liliwekwa wakfu jijini Nairobi mnamo Mei 2025. Haukupita muda mrefu kabla ya mwanafunzi wangu mmoja kunijia ofisini na swali. "Daktari," akaniambia, "nasikia humo ndani watu hubatizwa kwa niaba ya waliokufa. Je, mtu nisiyemjua anaweza kumbatiza marehemu babu yangu bila mimi kuwa na habari?" Nilimpa jibu la haraka haraka, naye akaenda zake. Swali lenyewe lilibaki nami, na leo nalileta mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu.

Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kama lijulikanavyo rasmi, lilianzishwa na Joseph Smith katika jimbo la New York, Marekani, mwaka 1830. Nduguye mkubwa, Alvin, alikuwa amefariki mwaka 1823 kabla ya kubatizwa, jambo lililoihuzunisha sana jamaa hiyo. Mwaka 1840, katika mji wa Nauvoo, Illinois, Smith alianza kufundisha ubatizo kwa ajili ya wafu, na waumini wa kwanza wakazamishwa katika mto Mississippi. Tegemeo lao ni waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 15, aya ya 29, panapotajwa watu wabatizwao kwa ajili ya wafu. Siku hizi tendo hilo hufanyika hekaluni, katika birika linalokaa juu ya sanamu za ng'ombe kumi na wawili. Muumini aliye hai, mara nyingi kijana, huvaa mavazi meupe na kuzamishwa majini huku jina la marehemu likitajwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wamormoni hawadai kwamba wanamlazimisha marehemu. Wanafundisha kuwa roho yake ina hiari ya kuupokea ubatizo huo au kuukataa, na jina lake haliingizwi katika orodha ya waumini wa kanisa. Isitoshe, wanaagizwa kuwashughulikia jamaa zao wenyewe, na ikiwa marehemu alizaliwa katika miaka 110 iliyopita, ruhusa ya jamaa wa karibu hutakiwa kwanza.

Wala sisi tusijifanye wageni wa mambo ya aina hii. Pwani yetu, Mwislamu aliyefariki bila kuhiji huweza kufanyiwa hija ya badala na mwanawe. Wakatoliki huwaombea marehemu wao misa. Miongoni mwa Wakikuyu, mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, ili jina lile lisipotee duniani. Kumtendea wema aliyetangulia ni jambo tulilolizoea. Hata hivyo, ipo tofauti kubwa. Anayehijiwa alikuwa Mwislamu, na kwa kawaida anayeombewa misa alikuwa wa imani hiyo hiyo. Aliye hai humkamilishia marehemu safari aliyoianza mwenyewe, hamwanzishii nyingine.

Hapa ndipo isimu inapokuwa na neno la kusema. Mwanafalsafa Mwingereza J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, alitukumbusha kwamba zipo kauli zisizoeleza jambo tu bali hulitenda. Kubatiza ni mojawapo. Lakini kauli ya namna hiyo haitendi kitu pasipo anayeitamka kuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Lugha yetu nayo inalijua hilo. Neno "niaba" lina asili moja na neno "naibu", na naibu ni mtu aliyewekwa. Je, huyu naibu wa marehemu aliwekwa na nani? Wapo watakaosema kwamba hata mtoto mchanga hubatizwa bila kuulizwa. Ni kweli, lakini mtoto yule ana mzazi wa kumjibia, na akikua aweza kukataa mbele ya watu wote. Marehemu akikataa, nani atamsikia?

Madhara yake si ya kufikirika. Iligunduliwa kwamba Wayahudi wengi waliouawa na Wanazi walikuwa wamebatizwa kwa njia hii. Mwaka 1995 kanisa liliafikiana na mashirika ya Kiyahudi kuyaondoa majina yapatayo 380,000 na kuukomesha mtindo huo, isipokuwa kwa wahenga wa waumini wenyewe. Hata hivyo, mwaka 2012 iliripotiwa kwamba Anne Frank, msichana aliyefia kambini mwaka 1945, alikuwa amebatizwa tena katika hekalu la Jamhuri ya Dominika. Watu hawa waliuawa kwa sababu walikuwa Wayahudi. Jina ndilo walilobakiwa nalo, na hilo pia likatiwa katika dini nyingine. Ndiyo maana jamaa zao hawakufarijika kuambiwa kwamba roho zina hiari.

Suala hili latugusa sisi pia. Kanisa hilo limehifadhi mamilioni ya kumbukumbu za nasaba katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima karibu na Salt Lake City, na kazi yake ya kurekodi nasaba simulizi imefika katika nchi kadhaa za Afrika. Ni kazi yenye manufaa makubwa kwa mtafiti, maana mzee akifa bila kurekodiwa, ukoo mzima hufutika pamoja naye.

Lakini nakumbuka siku niliyoketi na ami yangu, daftari mkononi, nikiyaandika majina ya wahenga wetu. Alipofika jina la saba alinyamaza, akaniuliza, "Mwanangu, majina haya utayafanyia nini?" Niliudhika kidogo wakati ule. Leo naona kwamba lile lilikuwa swali la mlinzi mlangoni.

Kwa hiyo, ewe mwanafunzi uliyenijia ofisini, jibu langu ni hili. Kanuni za kanisa lenyewe hazimruhusu mgeni kumfanyia hivyo babu yako, lakini yaliyotokea yaonyesha kuwa kanuni huvunjwa. Mtu akija kukuomba majina ya wazee wako, awe mhubiri, mtafiti au hata mwalimu wako, mkaribishe kwa heshima, kisha umuulize alivyoniuliza ami. Kuuliza si ujinga.