Hospitali: msimamizi wa usafi anayeogopwa ni hatari kwa wagonjwa

Asubuhi hospitalini, kabla ya waganga kuanza kuzunguka vitanda, watu wa usafi wamekwisha kuanza kazi. Ndio wanaopangusa damu katika maternite, wanaobeba takataka za chumba cha upasuaji na kuosha vyoo ambavyo mgonjwa wa kipindupindu alitumia usiku. Mashariki mwa Kongo, ambako kipindupindu, mpox na Ebola vimepita mara nyingi, kazi yao ni sehemu ya matibabu. Anayewaongoza naye anabeba maisha ya watu, hata kama ofisi yake ni pembe tu ya depo ya sabuni.

Nchi yetu imekwisha kulipa bei ya uzembe katika jambo hili. Huko Kikwit mwaka 1995, kati ya wagonjwa 315 wa Ebola, 80 walikuwa wafanyakazi wa afya. Ugonjwa uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaenea pia Ituri na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, uliua watu 2 287. Wengi, na watoto kati yao, waliambukizwa ndani ya vituo vya afya. Walikwenda kutibiwa malaria, wakarudi nyumbani na Ebola.

Ndiyo sababu swali la kwanza kwa msimamizi wa usafi si kama sakafu inang'aa. Swali ni hili: je, watu wake wanathubutu kumwambia kwamba kuna jambo limeharibika?

Kijiko, si karatasi

Tuanze na klorini. Ukitumia poda ya asilimia 70, vijiko 10 vya supu katika bido moja ya lita 20 vinatoa maji ya 0,5 kwa mia. Hayo ni ya kuua vijidudu mahali penye damu, matapishi au choo cha mgonjwa. Kijiko 1 katika bido kama hiyo kinatoa maji ya 0,05 kwa mia, ambayo wakati wa Ebola yalitumiwa kwa kunawa mikono. Ukichanganya bido hizo mbili, ama mikono ya watu itaungua, ama vijidudu vitabaki hai sakafuni.

Katika hospitali nyingi maelezo hayo yamebandikwa ukutani kwa Kifaransa, wakati mama anayeshika raklete anasema Kiswahili, Kinande au Mashi. Msimamizi mzuri hategemei karatasi. Anachukua kijiko, anapima mbele ya ekipe yake, kisha anamwomba kila mmoja arudie. Bido ya 0,5 anaipa alama ya rangi moja, ya 0,05 rangi nyingine, na anaandika saa ilipotayarishwa, kwa sababu maji hayo hutengenezwa upya kila siku na hayawekwi juani.

Kuna mambo mengine mawili yanayosahaulika mara nyingi. Kwanza, uchafu hula nguvu ya klorini. Kwa hiyo unaosha kwa maji na sabuni kwanza, ndipo unapitisha klorini na kuiacha dakika 10 kabla ya kupangusa. Pili, klorini haichanganywi na dawa nyingine ya kusafishia, hasa ya asidi ya vyoo, kwani hutoa hewa yenye sumu inayoumiza mapafu.

Lakini poda ikiisha katikati ya juma inakuwaje? Pale ambapo msimamizi hugomba kila anayeleta habari mbaya, mfanyakazi huongeza maji katika bido ya jana na kuendelea kupangusa. Sakafu inaonekana safi, na hakuna atakayejua kwamba ilioshwa kwa maji matupu.

Kila mtu na eneo lake

Kazi nyingine ya msimamizi ni kugawa watu. Anayesafisha chumba cha wagonjwa waliotengwa haendi kumalizia siku maternite kwa vitambaa vilevile. Ndoo na vitambaa vya vyoo havigusi vitanda. Kazi huanza mahali pasipo na uchafu mwingi na kuelekea penye uchafu, kutoka juu kwenda chini, na kutoka ndani ya chumba kuelekea mlangoni.

Akipita kukagua, asitazame sakafu peke yake. Mgonjwa halambi sakafu. Anashika kitasa cha mlango, chuma cha kitanda, bomba la maji na meza ya dawa. Hapo ndipo mikono ya watu wote hukutana.

Tena, asihukumu ekipe kabla ya kuhesabu maji. Mahali ambapo bomba hukauka kwa siku nzima, hakuna ukali utakaofanya chumba cha upasuaji kuwa safi. Msimamizi anayefika asubuhi na kuuliza "leo tuna bido ngapi?" anaweza kuamua mapema maji yaende wapi kwanza, na kumwarifu mganga mkuu kabla ya mambo kuharibika.

Saa 72

Jambo zito kuliko yote ni sindano. Muuguzi anaitupa katika mfuko wa takataka badala ya kartoni yake, na mtu wa usafi anachomwa wakati wa kuubeba. Anapaswa kuosha kidonda mara moja kwa maji na sabuni, bila kukikamua, kisha kutoa taarifa saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianza mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72. Baada ya hapo mlango umefungwa. Chanjo ya hepatiti B nayo ilipaswa kutolewa kabla hajashika mfuko wa kwanza.

Mama aliyechomwa Jumatatu, anayeogopa kuambiwa "wewe ndiye mzembe" na kupoteza kazi, atafunga kidole kwa kitambaa na kunyamaza. Ijumaa saa 72 zitakuwa zimepita. Na kwa sababu hakuna aliyejua, muuguzi aliyetupa sindano vibaya ataendelea kuitupa vilevile.

Hofu hiyo ina mzizi. Watu wengi wa usafi huchukuliwa kwa siku. Asiyekuja halipwi, basi hata mwenye homa au kuhara anakuja na kushika vitanda vya wengine. Wachache wanajua kwamba Kanuni ya Kazi, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inawalinda. Mtu aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Msimamizi anayeandika vizuri daftari la siku za kazi anawapa watu wake ushahidi wa haki hiyo.

Kuna la kufanya bila kungoja msaada wa kutoka nje. Dakika 10 kila asubuhi, watu wote wakiwa wamesimama: nani yuko wapi, klorini imebaki kiasi gani, glavu na bote zipo, nani hajisikii vizuri, jana kulitokea nini. Anayeleta habari mbaya anashukuriwa mbele ya wenzake. Kartoni ya sindano inawekwa karibu na muuguzi, na ikijaa robo tatu inafungwa. Naye mganga mkuu amwite msimamizi wa usafi katika mikutano ya hospitali, aketi pamoja na wauguzi. Huyo ndiye atakayewaambia poda itaisha siku gani.