Kuzitambua Sayari Katika Usiku wa Miezi

Kaeni karibu na taa, mfungue vitabu vyenu. Leo tunakwenda mbali sana, kaskazini ya dunia.

Kwetu karibu na ikweta, jua huchomoza na kuchwa karibu saa ile ile mwaka mzima. Lakini uko mji mdogo uitwao Longyearbyen, katika visiwa vya Svalbard, nchi ya Norway. Huko jua huchwa mwishoni mwa Oktoba, wala halionekani tena mpaka katikati ya Februari. Sababu ni nini? Dunia huzunguka ikiwa imeinama. Miezi hiyo ncha yake ya kaskazini imelipa jua kisogo.

Basi katikati ya majira hayo, mbingu zikiwa safi, watu wa huko huona nyota hata saa sita mchana. Kati ya nyota hizo zimo sayari. Utazijuaje? Shika mambo matatu.

La kwanza ni kumetameta. Nyota ziko mbali mno, hata nuru yake hutufikia kama uzi mwembamba. Hewa huutikisa uzi huo, nayo nyota humetameta. Sayari ziko karibu zaidi. Nuru yake ni nene kidogo, kwa hiyo hutulia. Lakini angalia: sayari iliyo chini sana yaweza kumetameta pia.

La pili ni rangi. Zuhura ni nyeupe, nayo hung'aa kuliko zote. Mshtarii pia hung'aa sana, na weupe wake ni kama wa maziwa. Mirihi ni nyekundu kama kaa la moto. Zohali ina umanjano hafifu.

La tatu ni mwendo. Nyota hukaa pamoja, kila moja mahali pake. Sayari huhama. Tazama leo iko karibu na nyota gani, kisha tazama tena baada ya majuma mawili. Ikiwa imesogea, hiyo ni sayari.

Huko kaskazini nyota nyingi hazichomozi wala hazitui. Huzunguka mbinguni kama ngamia wa kinu cha mafuta. Sayari ikiwa upande usio na jua, nayo huzunguka hivyo hivyo bila kutua. Januari 2025 Mirihi na Mshtarii zilikuwa hivyo. Lakini sayari iliyo karibu na jua hujificha pamoja nalo.

Labda mtauliza: elimu hii ina faida gani? Sikilizeni habari hii.

Mwaka 1596 mabaharia Waholanzi walikwama katika barafu penye visiwa vya Novaya Zemlya. Mwongozaji wao alikuwa Willem Barentsz. Walijenga nyumba ya mbao wakakaa humo gizani. Baridi ilikuwa kali hata saa yao ikasimama, wakapima wakati kwa chupa ya mchanga. Jua lilipotea mwanzoni mwa Novemba.

Tarehe 24 Januari 1597, baadhi yao waliona ukingo wa jua. Barentsz hakukubali. Kwa hesabu yake zilikuwa zimebaki siku kama kumi na nne. Je, walikuwa wamepoteza hesabu ya siku gizani?

Lakini walikuwa na kitabu cha hesabu za nyota. Kitabu kilisema kwamba tarehe 25 Januari mwezi na Mshtarii vitakutana. Wakangoja, wakatazama, wakaona vimekutana siku hiyo hiyo. Tarehe yao ilikuwa sahihi. Gerrit de Veer, mmoja wao, aliyaandika hayo yote, lakini watu wengi walimshuku.

Leo twajua kwamba hakusema uongo. Hewa ya baridi kali ikilala chini ya hewa yenye joto zaidi, huupinda mwanga wa jua. Jua huonekana hali lingali chini ya upeo wa macho.

Barentsz alifariki mwezi wa Juni 1597, katika safari ya kurudi. Wenzake kadhaa walifika kwao, na habari ikafika nao kwa sababu mmoja alijua kuandika.

Maswali
1. Kwa nini nyota humetameta?
2. Mirihi ina rangi gani?
3. Mabaharia walijuaje kwamba tarehe yao ni sahihi?
4. Usiku wa leo toka nje, utafute nyota isiyometameta. Andika mahali ilipo, ulete darasani.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.